Mwiko Uliopigwa Mwiko

Swali lililoninyima usingizi juma la mwisho kabla ya Krismasi lilikuwa dogo hata niliona haya kumwambia mtu: nikishika mwiko nikaonja makande ya kanisani kwa niaba ya shangazi yangu, nitakuwa nimemwokoa au nitakuwa nimemmaliza? Nililigeuza swali hilo kama mtu anayechoma hindi juu ya moto mkali. Kila upande uliungua, na ndani likabaki bichi. Nikilalia ubavu wa kushoto niliona nimemwokoa. Nikigeukia wa kulia nilisikia watu wakinong'ona, "Mnaona? Mwenyewe hakuthubutu."

Najijua. Chuoni wenzangu walinicheka kwamba naweza kukesha nikijiuliza kama mtu aliyeniitikia salamu asubuhi aliitikia kwa moyo. Lakini swali hili sikulitafuta. Nililetewa, tena na watu wazima waliolijua jibu, na mpaka leo nikikumbuka jinsi walivyoniletea napata joto masikioni.

Kwetu ni juu milimani. Ukishuka garimoshi Same unaiacha stesheni na maduka ya Wahindi, unaanza kupanda, na kabla hujafika umeshavaa kila nguo uliyobeba kwa sababu ya ukungu. Huko kwetu chakula cha shughuli hakiliwi mpaka aliyekipika akionje mbele ya watu. Mpishi huchota kidogo kwa mwiko, hutia kiganjani, hula huku anatazamwa. Tonge la pili humpa mkubwa wa shughuli. Ndipo husema karibuni. Togwa ni vivyo hivyo: mwenye kibuyu hunywa funda la kwanza. Jambo hilo tunaliita kutoa uchawi.

Ni neno la mzaha, lililochakaa kwa kutumika. Mume akiletewa uji atauliza, "Umetoa uchawi?" na mkewe atajibu, "Nimekubakishia kidogo," na hapo wote wawili watacheka na uji utanywewa. Anayesema jua limezama hamaanishi kwamba limelowa. Na sisi tukisema fulani ametoa uchawi tunamaanisha ameonja, basi.

Sikatai kwamba mwanzo wake ulikuwa hofu. Labda zamani watu walilishana vibaya. Labda bado wapo wanaodhani hivyo. Lakini kwa shangazi yangu kuonja kulikuwa na maana nyingine, na hiyo ndiyo niliyokuwa nikiipigania gizani kitandani.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Aliolewa ng'ambo ya bonde na mtu aliyekuwa akiugua tumbo tangu ujana. Jioni moja mtu huyo alikula, akalala, hakuamka. Wakwe hawakuzungumza habari ya tumbo. Walizungumza habari ya chakula. Hakuna aliyemshitaki popote, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi, maana aliyeshitakiwa anaweza kujitetea. Watu waliacha tu kula kwake. Akipeleka ndizi kwenye msiba, zilirudi kama zilivyokwenda, na majani yake juu. Mwishowe alirudi kwa kaka yake, yaani kwetu, akiwa amebeba kinu kichwani, na wanawake waliompita njiani walimwamkia wakiwa wametazama pembeni.

Nitasema la haki: aliyemrudishia jina ni kanisa. Mchungaji wetu wa zamani, mwenyeji wa milima hii hii, alimwita akamkabidhi chungu cha Krismasi. Krismasi hiyo usharika wote ulimtazama akichota, akila, akitafuna, akimeza. Mchungaji akanyoosha mkono akapokea tonge la pili kutoka kiganjani mwake, akala. Kisha watu wakala. Nilikuwa mtoto wa kubebwa, lakini nimesimuliwa mara nyingi hata naona kama nilikuwa na macho ya mtu mzima. Tangu hapo, kila Krismasi shangazi alisafishwa hadharani kwa mwiko mmoja. Mchungaji mzee alipofariki, tonge la pili alilirithi mwenyekiti wa wazee wa kanisa, na miaka yote alilipokea na kulila bila kusita.

Huyo mwenyekiti ndiye aliyeniita.

Nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha ualimu na cheti changu kimefungwa ndani ya kanga. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha lakini sukari bado ilikuwa ya kupimiwa, na nilimkuta uani mwa kanisa akisimamia sukari ya chai ya sikukuu igawanywe kwenye vifuko.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu."

Aliniita Mwalimu ingawa ualimu wenyewe ulikuwa bado mkononi mwake. Nafasi ya shule ya misioni ilikuwa ijazwe baada ya mwaka mpya, na kila mtu alijua kwamba mmisionari, mchungaji wetu wa sasa, huuliza wazee, na wazee humuuliza yeye. Nilikaa ukingoni mwa benchi. Nilianza kuwaza kama kukaa ukingoni ni adabu au ni woga, na kwa hiyo maneno yake ya kwanza yalinipita.

Alikuwa akisimulia msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji wa shule. Mmisionari mpya alikuja kufanya kazi na watu, suruali imekunjwa, na watu walimpenda kwa hilo. Mchana wanawake wakaleta makande. Kijana mmoja mwenye njaa akapaza sauti kwa mama aliyebeba chungu: "Mama, toa uchawi upesi tule." Watu wakacheka. Mmisionari hakucheka. Alikuwa amejifunza Kiswahili vitabuni, neno kwa neno, na maneno hayo mawili aliyajua vizuri.

"Akanigeukia," mwenyekiti alisema. "Akaniuliza, huyu mama anatoa nini? Uchawi? Mahali hapa? Uso ulikuwa mwekundu kama nyanya."

"Ukamwambiaje, Baba?"

"Nikamwambia ni mila za kale, tunazikomesha. Na kweli tumezikomesha. Kamati imekata shauri. Krismasi hii hakuna kutoa uchawi kwenye chungu chochote. Mpishi akishaivisha chakula chake akae kando, watu wapakuliwe. Mchungaji atakuwa na wageni wake kutoka chini, huenda hata Bwana Shauri wa wilaya akapanda."

"Lakini Baba, kutoa uchawi ni kuonja tu."

"Najua."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, huku akifunga kifuko cha sukari. Sijui kwa nini neno lile moja liliniudhi kuliko hotuba nzima.

"Sasa mbona hukumwambia kwamba ni kuonja?"

Aliweka kifuko chini. "Nimwambie nini, binti yangu? Kwamba Wakristo wangu, miaka yote hii, bado wanaogopa kulishana sumu? Wewe ungemwambia hivyo? Kwa maneno gani?"

Nilikuwa na cheti cha kufundisha watoto kusoma na kuhesabu, na kwa swali lile sikuwa na hata neno. Alikuwa ameshika kipande cha ukweli, na kipande hicho alikuwa akikitumia kufunika uwongo. Nimetafakari sana baadaye jinsi watu wenye akili wanavyofanya hivyo.

"Basi wewe ndiye utakayewaeleza kina mama," akaendelea. "Umesoma. Halafu mpishi ni shangazi yako, wewe ni damu yake. Likitoka kwako halitamuuma."

Halitamuuma. Nilibeba neno hilo mpaka nyumbani, na kila hatua lilizidi uzito. Kamati ya watu wazima ilikuwa imemnyang'anya mwanamke mmoja kitu pekee kilichomlinda, na badala ya kwenda kumwambia macho kwa macho ikatafuta mtu wa kumwambia kwa sauti laini. Tena mtu ambaye hawezi kukataa, maana kazi yake iko mfukoni mwao. Nilimuaga kwa heshima zote. Hilo nalo liliniudhi, jinsi magoti yangu yalivyokunjika yenyewe.

Njiani nilikumbuka jambo lililonifanya nisimame katikati ya kijia. Chuoni tulikuwa na somo la maarifa ya nyumbani. Mwalimu wetu, mama wa Kizungu mwenye aproni nyeupe isiyopata doa, alitufundisha kuonja supu. Ndiyo, tulifundishwa kuonja kama somo, tukatahiniwa. Vijiko viwili: kimoja cha kuchotea, kingine cha kutia mdomoni. "Mpishi anayepeleka mezani chakula asichokionja hana heshima kwa wageni wake," alisema, nasi tukaandika. Kumbe ukionja kwa vijiko viwili ni ustaarabu na unapata alama. Ukionja kwa kiganja, ni uchawi na kamati inakaa. Nilicheka peke yangu pale kijiani, kicheko kibaya, mpaka mbuzi wa mtu akaacha kula akanitazama.

Nyumbani kwetu uani kulikuwa na vinu vitatu na wanawake wa usharika wamevizunguka. Mahindi ya Krismasi hukobolewa kwa siku kadhaa. Huloweshwa, hutwangwa mpaka ganda litoke, hupetwa, hutwangwa tena, hata kila punje ibaki nyeupe na nzima. Punje iliyovunjika huenda kwa kuku. Baadaye huchanganywa na maharage na magadi kidogo, huchemshwa usiku kucha juu ya mafiga, na asubuhi hutiwa vitunguu, samli na nyama iliyokatwa ndogo ndogo. Mchele wa Kihurio pia hupikwa siku hiyo, sufuria moja kwa ajili ya wageni, lakini hakuna mwenyeji anayeuzungumzia. Krismasi kwetu ni makande. Siku nyingine zote pia ni makande, lakini yale ya Krismasi ni kama mtu uliyezoea kumwona shambani halafu ukamwona amevaa kwenda kanisani.

"Mwalimu huyo," mmoja akasema aliponiona. "Njoo utufundishe kutwanga kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza mchi haushikwi," mwingine akadakia. "Unaamrishwa tu unatwanga wenyewe."

Walicheka, nami nikatabasamu kwa midomo mikavu. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu za kuanzia, moja ya upole, moja ya kuzunguka, moja ya moja kwa moja. Zote zilinipotea. Nikasema tu, kwa Chasu, lugha yetu ya milimani, kwamba kamati imekataza kutoa uchawi Krismasi hii, kwa sababu mmisionari alisikia neno hilo akalichukua kama lilivyo.

Michi ilinyamaza mmoja mmoja. Uliobaki ukipiga ulikuwa wa shangazi.

"Mwiko nao umepigwa mwiko," akasema bila kuinua kichwa.

Wanawake waliangua kicheko, na mimi pia, maana lilikuwa neno zuri. Lakini nilimtazama mikono. Ilikuwa imekaza mchi kama mtu anayevuka mto ameshika kamba.

"Mwenyekiti alikuwapo walipokata shauri?" akauliza.

"Ndiye aliyenituma, Shangazi."

"Alikuwapo." Akatwanga. "Tonge la pili amekula kwenye kiganja hiki miaka yote. Alikuwa anakula nini, kwani?"

Mwanamke mmoja akasema taratibu kwamba labda mchungaji aelezwe. Mwingine akasema kwani huyo mchungaji mwenyewe, kwenye meza ya Bwana, si hula mkate yeye kwanza ndipo awape wengine?

"Na hapo anatoa nini?" shangazi akauliza, na safari hii hata yeye alicheka, kidogo, puani.

Ndipo mke wa jirani yetu, mwanamke mwema asiye na ubaya wowote, aliposema neno lililoninyima usingizi. "Basi Mwalimu aonje badala yake. Yeye amesoma, hakuna atakayesema ni mambo ya kale. Ataonja kama mtu anayeangalia chumvi."

Wote wakaona ni jambo la akili. Mimi pia niliona hivyo, kwa muda wa kama kupeta ungo mmoja. Kisha nikamtazama shangazi na kuona kwamba ameacha kutwanga. Aliinama akaanza kuokota punje zilizoruka nje ya kinu, moja moja, kana kwamba ni za dhahabu.

"Nitapika," akasema baadaye. "Kupika hawajakataza."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu usiku. Nikionja mimi, watu watakula, na sikukuu itapita salama. Lakini watu wa kwetu wana macho. Wataona kwamba mwaka huu chungu kimeonjwa na mtoto wa kaka yake, na mpishi amesimama mbali. Wa ng'ambo ya bonde watakuwapo, na wakwe zake wa zamani wakiwamo, maana Krismasi huja watu wote. Watu hao hawahitaji kuambiwa jambo. Wanahitaji upenyo tu. "Mwenyewe hakuthubutu." Na nisipoonja, na yeye asipoonja, ni yale yale, tena kwa kelele zaidi. Na kama shangazi akiasi akaonja kwa amri yake mwenyewe, mwenyekiti atamnyamazisha mbele ya wageni, na neno litakalobaki hewani ni uchawi, likiwa limetamkwa karibu na jina lake. Kila njia iliishia kwake. Kamati, kijana mwenye njaa, mmisionari na vitabu vyake, wote walikuwa wametoka salama. Aliyebaki kulipa ni mwanamke wa jikoni.

Nilipofika hapo hasira ilinisaidia kidogo. Mtu mwenye wasiwasi akikasirika anapata kama mapumziko.

Nikakata shauri kwenda kumwona mmisionari mwenyewe nimweleze. Nilivaa gauni la chuoni, nikaenda mpaka nyumba ya misioni, nikiwa nimepanga maneno kama mtu anayepanga vyombo vya kukopa. Mpishi wake akaniambia ameteremka Same kupokea wageni, atarudi siku ya mkesha, na mkesha ana ibada. Nilishukuru nikarudi. Nakiri kwamba njiani nilijisikia mwepesi, kisha nikajikasirikia kwa wepesi huo, kisha nikakasirika kwamba ni mimi ninayejikasirikia wakati mwenyekiti analala.

Mama yangu aliona. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Nafasi ya shule ikipita hairudi upesi," akaniambia tukisafisha utumbo wa ng'ombe mtoni, siku moja kabla ya Krismasi. "Lakini huyo aliyeko jikoni ndiye aliyekulea nilipokuwa naumwa." Basi. Akanipa upande mwingine wa utumbo niushike. Sikujua ananisukuma wapi. Nilidhani labda mwenyewe pia hajui.

Asubuhi ya Krismasi ukungu uliondoka mapema. Ibada ilikuwa ndefu, nyimbo zilikuwa nzuri, na mahubiri sikuyasikia. Mmisionari alihubiri habari ya mataifa kuja kwenye nuru, na mimi nilikuwa nikisikia harufu ya samli na vitunguu ikiingia madirishani, nikijua kwamba kule nyuma ya kanisa shangazi amesimama juu ya mvuke.

Tulipotoka, vyungu vilikuwa vimepangwa kwenye nyasi, vimefunikwa kwa majani ya migomba. Wageni wa mmisionari walipewa viti barazani mwa shule: mama mmoja mwenye kofia ya majani, na bwana wa ofisini ambaye hakuwa Bwana Shauri lakini alitendewa kama yeye. Watu walijipanga na sahani zao za bati. Wa ng'ambo ya bonde walisimama pamoja, kama kawaida yao. Shangazi alikuwa amevaa kanga mpya. Alifunua chungu kikubwa, akaweka majani kando, akalaza mwiko juu ya mdomo wa chungu, kisha akarudi nyuma mpaka ukutani, akafunga mikono kifuani. Alikuwa ametii amri yao barabara.

Hakuna aliyesogea.

Kilikuwa kimya cha namna ambayo sijawahi kuisikia kwenye sikukuu. Watoto walivuta nguo za mama zao wakaambiwa watulie. Mtu mmoja wa mbele aliitazama sahani yake kana kwamba ameandikiwa kitu ndani. Harufu ile yote, nyama ile, mahindi meupe yale, na umati wenye njaa umesimama kama uko makaburini. Macho yalikuwa yakienda kwenye chungu, kisha ukutani kwa shangazi, kisha chini. Nikaona mzee mmoja wa ng'ambo akimwinamia mwenzake sikioni.

"Kwa nini watu hawali?" mmisionari akauliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka.

Mwenyekiti akacheka kicheko cha wenyeji wanaotaka wageni wasione kitu. "Wanaona haya, Bwana Mchungaji." Kisha akanigeukia. "Mwalimu, waambie kwa Chasu waje wale. Waambie chakula ni safi."

Waambie chakula ni safi. Nadhani hakujua alichokisema. Kumtangaza mtu kwamba ni safi, hadharani, bila kuulizwa, mbele ya wakwe zake waliomfukuza kwa mdomo, ni sawa na kuuliza kama ni mchafu. Nilimtazama shangazi. Uso wake ulikuwa hauna kitu, kama uwanja uliofagiwa.

Nafahamu kwamba mtu angetazamia mimi kuanza tena kupima pande zote. Nilianza kweli. Niliwaza shule, nikawaza mama, nikawaza kama sauti yangu itatoka. Lakini njia ziliisha zote kwa mara moja, maana nilikuwa nimeshazipita kitandani usiku baada ya usiku. Iliyobaki ilikuwa ile moja ambayo mwenyekiti aliniuliza ningeisema kwa maneno gani. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi.

Sikugeukia watu. Niligeukia baraza ya shule, nikasema kwa Kiswahili, taratibu, ili mtu aliyejifunza vitabuni asikose hata silabi.

"Bwana Mchungaji, watu hawali kwa sababu chakula hakijaonjwa. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya wageni. Kule kuonja ndiko tunakokuita kutoa uchawi. Ni neno la mzaha tu. Hakuna uchawi unaotolewa hapa."

"Binti," mwenyekiti akasema, kwa sauti ya chini.

"Mwenyekiti analijua neno hili. Kila Krismasi ndiye anayepokea tonge la pili."

"Binti, nyamaza."

"Na huyu aliyesimama ukutani ni shangazi yangu. Ndiye aliyepika. Mmemkataza kuonja, na sasa watu wanadhani amekataa mwenyewe." Nilimtazama mwenyekiti. "Kama kamati iliona haya kwa ajili yetu, ingevaa haya yake yenyewe. Isingemvika yeye."

Mmisionari alinitazama, kisha akamtazama mwenyekiti. "Ni kweli? Ni kuonja?"

Niliona jasho kwenye paji la uso la mwenyekiti ingawa hewa ilikuwa ya baridi, na nusura nimhurumie. "Ni kuonja, Bwana Mchungaji," akasema mwishoni.

Sikungoja ruhusa yoyote zaidi. Nilikwenda kwenye chungu, nikauchukua mwiko. Nilisikia pumzi za watu zikivutwa, maana walidhani naonja mimi, na mke wa jirani akatikisa kichwa kunitia moyo. Niliupita mdomo wa chungu, nikaenda nao mpaka ukutani, nikampa shangazi kwa mikono miwili, kama mkwe anavyopewa kitu.

"Nani amekuruhusu?" akaniuliza kwa Chasu, sauti ya kawaida kabisa.

"Hakuna."

Aliutazama mwiko kidogo. Kisha akaufuta kwa pindo la kanga, akatembea mpaka kwenye chungu, akachota kutoka chini kabisa mahali penye nyama, akatia kiganjani, akala. Alitafuna polepole, huku akiwatazama watu wa ng'ambo ya bonde mmoja baada ya mwingine mpaka alipomeza. Akachota tena. Alinyoosha mkono ule ule kuelekea kwa mwenyekiti, akakaa hivyo, bila kumwita.

Alikuja. Alivua kofia, sijui kwa nini, akapokea tonge, akalila mbele ya mama wa kofia ya majani na bwana wa ofisini na sisi sote.

"Karibuni," shangazi akasema.

Foleni ikasogea kwa kishindo cha sahani. Mimi nilikunja mikono ya gauni langu la chuoni, nikachukua upawa kwenye chungu cha pili, nikaanza kupakua.